Daftari la Kibanda cha Mwanjelwa

Mama alikuwa na runinga mbili, pedi nne
(moja imefungwa kwa uzi mwekundu wa sweta)
na daftari la kaunta, kava lake lina twiga.
Dakika kumi, shilingi mia mbili.
Humo aliandika kila jioni
kwa mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la saba:

Ambokile. Dak. 10. Amefia darajani.
Sekela. Dak. 20. Darajani tena. Amepiga ukuta.
Mtoto wa fundi baiskeli. Dak. 3. Ameondoka mwenyewe. Kwa nini?

Hilo "kwa nini" lilikuwa la biashara:
anayeondoka mapema haachi hela.
Mimi nilikaa juu ya kreti ya soda nikifanya hesabu za logi,
sikujua kwamba shule iko nyuma yangu.

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka
mjomba Anyimike alipanda kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi
na ushauri ulioiva kuliko ndizi:
famasi. Ikishindikana, ualimu wa hesabu.
"Watu hawaachi kuugua, Atuganile.
Gemu? Hiyo ni kazi, au ni adhabu ya kukosa kazi?"

Kwenye fomu ya mkopo niliitafuta fani yangu
kama mtu anayetafuta jina lake kwenye ukuta wa matokeo.
Uhandisi wa umwagiliaji. Ufugaji nyuki.
Nyuki wana kisanduku chao. Mimi sina.
Nikaweka vema kwenye sayansi ya kompyuta,
jirani wa karibu wa nyumba nisiyoiona.

Chuoni, kule Iyunga, walinifundisha msimbo
na namna ya kuupanga usijikanyage.
Hawakunifundisha kwa nini mtu aruke shimo.
Kwa hilo nilimfuata Sanga, mchora vibao vya vinyozi,
anayetoa kichwa cha mtu kwa mistari saba;
nikamfuata Mwasenga, mpiga kinanda wa kwaya,
akanipa mvua ya Machi juu ya bati,
akakataa hela, akaomba tu jina lake
liandikwe mwishoni, kwa herufi kubwa.
Kanuni niliziiba kwa watoto wa Sae
wanaocheza kombolela ndani ya ukungu wa Juni:
anayetafuta haoni, aliyejificha haoni,
na bado kuna anayeshinda.

Gemu yangu ni fupi. Msichana, gunia la viazi,
mteremko wa Loleza, alfajiri.
Gunia lina tundu. Ukikimbia, viazi vinamwagika.
Ukienda taratibu, lori linaondoka sokoni.
Miaka minne, hivyo tu.
Mwalimu mmoja aliandika pembeni: Ugumu umezidi.
Kampuni moja ya Dar iliandika kwa upole: Tutakutafuta.
Neno hilo nimeshalipima urefu.

Jana mvua ilifukuza wateja.
Mama akaichukua ile pedi yenye uzi.
Miaka kumi na mmoja anaikodisha,
hajawahi kuishika ila kuifuta vumbi.
Akashuka hatua tatu. Akasimama.
Akaisogelea skrini kama anayetafuta sindano.
"Huyu mtoto ana baridi," akasema.
"Hukumpa hata kitenge?"

Sikuwa nimefikiria.
Nikaandika kiganjani: kitenge.

Viazi vikamwagika. Akacheka, akatukana kwa Kinyakyusa,
akarudia. Akarudia tena.
Maharage yakaungua jikoni, hakuna aliyeinuka.
Umeme ulipokatika alilivuta daftari,
akawasha tochi ya simu, akaandika polepole:

Tusekile. Dak. 40. Amefia kwenye ukungu.

Na chini yake, akihesabu kwa vidole:

Anadaiwa mia nane.