Risasi Nyembamba

Stoo ya Urambo, saa kumi na moja jioni.
Karani Nkwabi anazipanga mezani
kama anachagua mahindi ya mbegu.
Hii nene ililetwa kwa ajili ya nyati.
Inapiga kama nyundo, anasema, ila huchoka njiani:
ikivuka mita mia inaanza kutafuta ardhi,
kama mlevi anayetafuta mkeka.
Hii nyingine nyembamba, shingo imebanwa,
kiganjani hujui kama umeshika kitu.
Hii hainami.

Mchana ningechukua yoyote.
Mchana najua: kutoka bani la Shija hadi zizini
ni hatua mia na arobaini, nimezihesabu kwa miguu yangu.
Lakini usiku, kule Ussoke, umbali ni mwongo.
Macho mawili ya kijani kwenye mwanga wa tochi
yanaweza kuwa hapo penye mninga,
yanaweza kuwa ng'ambo ya mbuga,
na fisi hakungoji upige hesabu.

Msimu uliopita Mihayo alishika gobore la baba yake.
Akakisia sabini. Zilikuwa mia mbili.
Goroli ikachimba vumbi. Fisi akanyanyua kichwa,
akatutazama,
akarudi kula.
Asubuhi tuliokota kengele ya mbuzi na kamba yake, basi.

Kwa hiyo nataka hii nyembamba.
Nataka risasi itakayonisamehe nikikosea kukisia.

"Tia saini," anasema Nkwabi. "Kumi. Na maganda yarudi kumi."
Kisha, bila kunitazama:
"Isiyoinama haijui pa kusimama.
Nyuma ya fisi kuna nini?"

Nyuma ya fisi kuna mabani.
Usiku kucha Shija na wanawe wanachochea moto wa tumbaku,
na yule binti mdogo, Kabula,
hutoka nje kila mara kupoza uso.

Nimelala kifudifudi tangu saa nne.
Mwezi hakuna. Harufu ya majani yanayokauka
ni tamu, halafu inakwaruza koo.
Macho yanawaka. Mawili. Manne.
Kidole kinajua kazi yake.
Naomba wasogee kulia, hatua chache tu,
waje mbele ya kile kichuguu kikubwa,
udongo uwe mgongoni mwao.

Wasogee.

Mbuzi wameanza kulia.