Mmiliki Hajulikani

Mwezi wa saba kusi hugonga lango la Ngome
kama mtu aliyekuja kudai deni.
Nakata tiketi nimevaa sweta la mume wangu,
mikono imenizidi, nimeikunja mara tatu,
na kitabu cha wageni kimelowa manyunyu
hata majina ya jana yamekuwa mawingu ya wino.

Watalii hawapo. Watarudi jua likirudi.
Ndipo mkuu wetu, Bwana Famau, akasema:
kipupwe hiki tuwaonyeshe wenyeji vya kwao.
Akafungua stoo.
Likatoka kasha la njumu,
mtalawanda wa mguu mmoja,
saa ya ukutani iliyokufa saa nne na dakika tisa,
haijulikani za usiku au za mchana,
na mbuzi ya kukunia nazi.

Kila kitu kikapewa taa yake na karatasi yake.
Ya mbuzi nimeipiga chapa mwenyewe:
Mti na chuma. Mmiliki hajulikani.
Nikaweka nukta,
nikaenda kunywa chai.

Watoto wa shule walitangulia, mistari miwili,
mafua yakiwatiririka.
Mbuzi gani huyu, wakacheka, hali wala halii!
Mwalimu akawahimiza waandike.
Wakaandika: hali wala halii.

Alhamisi akaja Bi Mwanashee wa Mkomani,
pindo la buibui limeloa tope.
Tiketi hakuitaja, nami nikainamia droo
nikitafuta kitu ambacho hakikuwamo.
Akalipita kasha. Akaipita saa.
Mbele ya kioo akasimama
hata pumzi yake ikakitia ukungu,
akaufuta kwa ncha ya mtandio.

"Ndoo," akaniita. "Nani alomfungia mbuzi wangu huku?"
Bibi, nikasema, hii ni ya zamani.
"Ya zamani," akasema, kama anayeonja chumvi ya mchuzi.
"Tazama guu la nyuma. Kamba hiyo ya kumbi
kaifunga Shekuwe, mwaka wa mvua kubwa,
fundo la kushoto, wa kulia ulikuwa na jipu.
Mimba saba nimezikalisha hapo.
Waliolia ni watano."

Taa ndogo ya umeme ilikuwa ikivuma juu yetu.

"Mwanangu aliniambia ameitupa."
Kisha, kwa sauti nyingine, ya jikoni:
"Na mumeigeuza. Meno hutazama sinia,
hayatazami watu."

Ufunguo wa kioo ulikuwa mfukoni mwa Bwana Famau,
na Bwana Famau alikuwa Mombasa, mkutanoni.
Karatasi lakini ilikuwa nje ya kioo.
Nikachukua penseli, nikakata neno moja,
nikaandika: yuko Mkomani,
nyumba ya tatu ukishapita kisima.

Usiku ule uani palichezwa kirumbizi,
wanaume na makoti juu ya kanzu,
fimbo zikigongana, zumari likishindana na upepo,
mji mzima umejibanza ukutani kutafuta joto.
Bi Mwanashee hakutoka kutazama.
Nilimpa kiti changu, akakiweka mkabala na kioo.
Ngoma, alisema, ameziona.
Fundo lile hajaliona miaka kumi na mitatu.

Jumamosi alirudi na nazi iliyopasuliwa,
vifuu viwili chini ya buibui, maji yamemchuruzika hadi kiwiko.
"Sikuja kutazama. Nimekuja kukuna."
Nikamwambia habari ya ufunguo.
Akanitazama kama natania,
kisha akaziweka nazi mezani pangu,
nyeupe juu,
na siku nzima risiti zikanuka nazi.

Bwana Famau aliporudi alisoma ile karatasi mara mbili.
Ushahidi? akauliza. Nikamwonyesha fundo.
Akachuchumaa. Akakaa pale muda.
Makumbusho, akasema, hayaandikwi kwa penseli,
akaondoka bila kuifuta.

Katika kitabu cha wageni, penye Maoni,
mkono ni wangu, maneno ni yake, aliniamuru:
Andika, meno yameshika kutu.
Yataka tupa.