Tripu Moja ya Mchanga

Mchanga umemwagwa mbele ya mlango
tangu malipo ya kwanza ya korosho.
Ya pili hayajafika Mtama.
Fundi Nangonga kaenda zake Nachingwea
na pimamaji yake.

Aliyebaki kazini ni Somoe:
miaka minne, kandambili moja,
kopo la siagi, kijiko kilichopinda.

Mkavu unamponyoka vidoleni. Anaukemea.
Anaiba maji ya kunawia, anaulowesha,
anashindilia, anapindua kopo, anagonga:
chumba kimesimama.
Cha pili kinamomonyoka.
Juzi angelia.
Leo anaongeza maji, kidogo tu.

Chilumba wa jirani, asiyesema na watu,
kachutama. Kauliza, “Mlango uko wapi?”
Wakachimba, huyu huku, yule kule,
vidole vikakutana chini kwa chini,
wakacheka mpaka kuku wakahama.

Mama ananiambia: mfukuze, mchanga unaisha.
Kweli. Umo masikioni, umo kitandani,
jana tumeutafuna kwenye ugali.
Natoka na fimbo, namkuta anahesabu:
“Moja, mbili, tatu, tano…”
“Na nne?”
“Nne imeanguka, baba. Naijenga tena.”

Fimbo nikaiegemeza ukutani.
Nyumba yangu haijapanda hata kozi moja;
yeye yuko ya saba.