Mizani Tu

Mchora mabango wa Mlango Mmoja anatoza kwa herufi,
kila moja elfu na mia tano.
Nilitaka: HOLO MABUGA, FUNDI WA MIZANI YA AINA ZOTE.
Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu kwa pochi,
nikamwambia, andika MIZANI.
Akauliza, Mizani nini?
Mizani tu.
Akaandika MIZANI TU, na hiyo TU akanitoza.

Fremu ya Nkwabi ina upana wa hatua tatu.
Ukuta wa nyuma si ukuta, ni jiwe,
jiwe lenyewe la Mwanza, lililokuwapo kabla ya hati na viwanja,
limeingia ndani kama mgeni asiyepiga hodi.
Kodi ya miezi sita, mkononi, siku ileile.
Nikauliza kama jiwe nalo linalipiwa.
Akacheka. Linalipiwa.

Miaka kumi na mmoja nilisimama kiwandani, buti hadi magotini,
nikipima minofu ya sangara ya watu nisiowajua,
vidole vikifa ganzi.
Samaki wakapungua. Zamu zikapungua. Nasi tukapunguzwa.
Kiinua mgongo kikawa bisibisi, mawe ya kupimia,
na leseni iliyonila nauli mara saba
(mfumo umelala, mama, rudi kesho).
Dada yangu Kwandu alinisikitikia:
Ungefungua genge. Tumbo huharibika kila siku;
mizani huharibika mara ngapi?

Siku ya kwanza, vumbi.
Siku ya pili, mtoto na shilingi mia, anataka kujua uzito wake.
Kilo kumi na tisa na viatu.
Akavua viatu, akadai apimwe tena kwa mia ileile.
Siku ya sita LUKU ikaanza kulia.

Siku ya tisa akaingia Bi Ng'washi, mwenye dagaa Mwaloni,
vitenge viwili, simu tatu,
mizani kaibeba kama mtoto mwenye homa.
Nikaifungua, nikaifunga. Nzima, nikamwambia.
Najua ni nzima. Hiyo ndiyo kasoro yake.
Akasogea; alinukia dagaa na marashi.
Ilegeze kidogo. Gramu themanini kila kilo. Nani ataona?
Akalaza noti mezani. Sikuzihesabu,
jicho la mpimaji halihitaji:
kodi ya mwezi na ushee.

Ningependa kuandika kwamba sikuwaza.
Niliwaza. Niliwaza hadi skrubu ikapata joto kiganjani.
Jiwe nyuma yangu halikunishauri kitu.
Nikazisukuma noti upande wake.
Akanisonya, akaenda,
na usiku ule nilikula ugali kwa chumvi
nikijiita majina ambayo hata Nkwabi hajaniita.

Wiki mbili zikapita. Asubuhi moja, mvua ikishuka toka Bugando,
akarudi, na kitu chini ya khanga,
anatazama nyuma kila hatua.
Si yangu, akasema. Ya yule anayeniuzia, wa kisiwani.
Nimeiazima bila yeye kujua.
Hebu niambie, mama, hii inasema kweli?

Nikapandisha jiwe la kilo kumi.
Mshale ukaenda, ukasita,
ukatulia kwenye kumi na moja, ukapita kidogo.
Tukautazama kama watu wanaotazama maiti wanayemjua.
Mtaroni maji yalipita kwa kelele.
Kisha akacheka, kicheko kirefu
cha mtu anayehesabu magunia ya miaka minane.
Kumbe, akasema.
Kumbe, nami nikasema.

Alilipa elfu tano, bei ya ubaoni, hakuomba punguzo.
Kesho yake akaja mwenzake. Keshokutwa wawili.
Ijumaa foleni ikafika kwa muuza vocha,
wanawake wa dagaa, wa mchele, wa pamba, mmoja wa misumari,
kila mmoja na kitu chini ya khanga,
kila mmoja na mizani ya mtu mwingine.

Hakuna hata mmoja aliyeleta yake.