Nimekufa Mara Tatu Chumbageni

Wamenivika miwani mizito kama kofia ya pikipiki
ndani ya kontena lenye feni, nyuma ya karakana.
Uhalisia pepe, mkufunzi Hozza anauita.
Pepe: kwetu ni ule mpunga
unaoupepeta ukabaki ganda.

Lakini kreni imesimama. Kulabu inashuka.
Nafunga boriti ya tani mbili,
nasahau kupima kati, naonyesha kidole: pandisha.
Boriti inaniinamia kama mtu mwenye siri.
Nimekufa.

Hozza anabonyeza kitufe, niko hai.
Mara ya pili nimesimama chini ya mzigo.
Mara ya tatu ni shakeli, pini sikuikaza.
Wenzangu wanacheka, nacheka nao,
jasho linanitiririka shingoni.

Mntangi hakubonyezewa kitufe.
Pongwe, Ijumaa, saa tano kasorobo.
Waya ulikuwa na nyuzi saba zilizokatika;
tulizihesabu baadaye.

Humo ndani hamna vumbi la saruji la kufumba macho,
hamna msimamizi wa kufoka, "Hima, meli inangoja!"
Nikamwambia Hozza: hilo nalo litieni.
Akaandika kwenye daftari, sijui kama alinielewa.

Jumatatu, bandarini, winchi yenye grisi na kutu.
Napitisha kitambaa juu ya waya, taratibu,
shibiri kwa shibiri.
Kinanasa.

Nanyoosha mkono: simamisha.
"We Kihiyo, meli inangoja!"
Naisikia.
Mkono haujashuka.