Hesabu ya Kabugho

Muuguzi hakuinua macho kwenye kadi.
"Mimba ya ngapi hii?"
Nikasema, "Ya kwanza,"
na Kabugho, pumzi moja na mimi, "Ya pili."
Kalamu ikasimama hewani
kama mjusi aliyesikia nyayo,
kisha ikaandika mbili.

Tukashuka kando ya Nyamwamba,
mto ule unaohamisha mawe usiku
na asubuhi ukajifanya haujui kitu.
Hatukusemezana mpaka sokoni Kasese.

Orodha ya hospitali alikuwa nayo yeye,
imekunjwa ndani ya sidiria:
plastiki ya kulalia, mita mbili;
pamba; glavu; uzi;
wembe mpya, usiofunguliwa karatasi;
sabuni ya mche;
beseni.
Beseni alilipiga kwa kucha, akatega sikio
kujua kama ni zito au ni rangi tu.
Mwenye duka akasema la bluu kwa mvulana,
la waridi kwa msichana.
Tukachukua la kijani,
lenye mkwaruzo, akapunguza mia tano.

Kwetu Wakonzo mtoto hatafutiwi jina.
Jina ndilo linalomngoja yeye,
limeketi mlangoni tangu enzi za mababu.
Msichana wa kwanza Masika, wa pili Biira,
na mke wangu, ukimwita tu,
umekwisha jua ni binti wa tatu kwa mama yake.
Kwa hiyo ukiuliza jina umeuliza hesabu,
na hesabu ndiyo iliyolala katikati yetu
tangu Februari ya mwaka juzi.

Masika aliishi tangu alfajiri hadi saa tano.
Nilikuwa nimemchomea kitanda cha nondo,
nikakipaka rangi mara mbili.
Wiki ya tatu nikakikata kwa grainda,
nikakigeuza dirisha
la duka la Mukirania, njia ya kwenda Kilembe.
Hadi leo nikipita
naona sukari na mishumaa
vikichungulia kati ya nondo za mwanangu.
Sikumwambia Kabugho.
Kabugho hununua chumvi pale pale,
ingawa kwa jirani ni nafuu.

Sasa nilitaka kuchomea kingine.
"Chuma ni baridi, Thembo," alisema.
"Huyu atalala nami.
Nifungie kulabu moja tu, ya chandarua."

Na ile kadi?
Niliogopa, sina jibu jingine.
Nilidhani ukimtaja aliyetangulia
huyu wa sasa atageuka kumtazama,
na anayegeuka hukawia njiani.
Kabugho alikuwa anakunja vitambaa,
shuka letu la harusi alilolichana vipande kumi na viwili.
Hakuacha kukunja.
"Ukisema wa kwanza, umemfukuza yule nyumbani.
Ana kaburi pale migombani, ana jina.
Akija msichana ni Biira.
Akija mvulana ni Muhindo, kwa kuwa amegeuza mstari,
na mstari haugeuki
kama mbele hapakuwa na mtu."

Nilimeza maneno yangu na ugali wa muhogo.

Usiku huu kulabu iko kwenye boriti.
Nimepanda stuli, nimeishika kwa mikono miwili,
nikaachia miguu,
kilo sabini na mbili zinaning'inia juu ya kitanda,
na Kabugho, kalalia ubavu wa kushoto kama alivyoagizwa,
anacheka mpaka beseni la kijani miguuni pake linatikisika,
plastiki, pamba, wembe na vyote vilivyomo.
"Nilisema kulabu ya chandarua,
bwana wee, si ya tembo!"
Boriti imelia kidogo.
Nimeshuka.
Kesho nitaongeza skrubu.