Mlangoni

Machi, Cortland. Theluji imeganda pembeni mwa uwanja
kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa kwenye beseni.
Nilimleta Torin na fimbo yangu ya zamani ya lakrosi,
kimia kimelegea, mpini una alama za meno yangu.
"Mshambuliaji," nikamwambia kocha. "Damu ni damu."

Wakamjaribu mbele: akipata mpira, anampa jirani.
Katikati: pumzi zikamwishia kabla ya mstari.
Nyuma, fimbo ndefu ikamzidi kimo,
ikamburuta kama mbwa amtembezaye bwana wake.

Kocha Halvorsen akatafuna kalamu.
"Nyumbani," akauliza, "huyu husimama wapi?"

Ningesema mezani. Ningesema popote, ana miaka tisa.
Lakini niliuona tena ule usiku wa sanduku,
Maura upande huu, mimi upande ule,
maneno yakiruka, magumu,
na mtoto katikati ya mlango, soksi mguu mmoja,
mikono wazi,
hakuna lililopita.

Sikujibu. Nikamfunga helmeti ya kipa
kidevuni, taratibu.
"Ukichoka, toka," nikamwambia. "Toka tu."

Akacheka.
"Baba, hapa nyuma yangu kuna wavu."